Nilimwonya Afande Kuhusu Kamera Yake

Wenzangu wa stendi, nimesikia mnayosema. Mnasema tangu nimerudi kutoka Kigali nina maringo, kwamba tukipishana Sekenke simwashii mtu taa kumjulisha trafiki amekaa wapi. Juzi mmoja wenu alipigwa tochi ya kupima mwendo karibu na Misigiri, akaapa kuwa nilipishana naye nikiwa namtazama usoni. Ni kweli nilimtazama. Mmeniuliza mara nyingi kilichonipata huko, lakini mimi kusimulia kwa mdomo siwezi, nikianza nakwama. Kwa hiyo nimeandika. Mtanisamehe mwandiko, nimeishia darasa la saba.

Habari za msiba mnazijua. Mdogo wangu Zaituni aliolewa Kigali na fundi magari, Suleimani. Asubuhi moja alikuwa anavuka barabara kwenda kununua maziwa, gari lililokuwa likikimbia likamgonga. Walimzika siku ileile kama dini yetu inavyotaka, na sisi tulikuwa huku Mgori, hatukuwa na namna ya kuwahi. Baada ya hapo mama alisema jambo moja tu: siku ya arobaini, matanga yanapoondolewa, yeye atakuwa hukohuko na atamsalimia mwanawe kaburini. Hitima ilipangwa kusomwa baada ya sala ya adhuhuri. Kazi yangu ilikuwa kumfikisha mama kabla ya adhuhuri hiyo.

Mambo ya hati za kusafiria na bima ya gari sitayasimulia. Yalinichosha mara moja, yanatosha.

Mgori hadi Singida Mjini

Tajiri wangu alinipa gari lake la Noah, Mungu ambariki. Nilipofika nyumbani kumchukua mama nikakuta ameshapanga mizigo barazani: dumu la asali, dumu la mafuta ya alizeti, blanketi, na tenga la kuku wanaopumua. Nikamwambia Kigali kuna kuku. Akaniuliza kama nimewahi kuwaona. Sijawahi. Basi tenga likapanda garini.

Nilimtengenezea kiti cha katikati ajinyooshe, akakataa. Alisema nyuma wanakaa wagonjwa na mizigo, yeye ana afya. Akakaa mbele, mkoba kwenye mapaja, mikono juu ya mkoba, na hivyo ndivyo alivyokaa mpaka nchi ya watu.

Singida Mjini nilisimama niongeze upepo kwenye matairi. Nilifikiri ni jambo la dakika chache. Lakini mama anajulikana. Mwanamke wa kwanza alimwona, akaja na shikamoo na kumpa mkono wa rambirambi, na mama hapokei rambirambi akiwa ndani ya gari, ni utovu wa adabu. Akashuka. Akaja wa pili. Akaletwa kiti. Wa kwanza, aliyekuwa ameshaondoka, akarudi na dada yake. Mwenye pampu aliniuliza kama nimeweka matanga pale kwake, kwa sababu magari mengine hayana pa kupita. Tuliondoka jua likiwa limeshakuwa kali, tukiwa na nusu gunia la vitunguu ambalo sikujua nani ametupatia.

Singida hadi Kahama

Kushuka Sekenke ndipo mama alipogundua kazi ya taa. Lori lilikuja mbele, likaniwashia mara mbili, nikapunguza. Kweli, mbele kidogo trafiki walikuwa wamejikalia kivulini na tochi yao. Nilipowapita, nami nikaanza kuwawashia waliokuwa wanakuja.

Mama akaniuliza kama nawajua hao watu. Nikasema siwajui. Akauliza kwa nini nawasalimia. Nikamweleza: si salamu, ni kupeana habari. Mwenzako anakuja kasi, humjui, hakujui, lakini humwachi aangukie mikononi mwa trafiki. Naye akishaelewa anakuonyesha dole gumba. Ndivyo tulivyo sisi wa barabarani.

Jambo hilo lilimpendeza sana. Alisema hakujua kama madereva tuna malezi. Kufika Igunga alikuwa anawanyooshea dole gumba watu wote, malori, mabasi, hata mzee mmoja aliyekuwa anasukuma baiskeli yenye mkaa. Mzee alirudisha.

Kahama tulilala. Jioni ile tukaingia kula, mama akaniagiza niende jikoni nikaulize kama yule kuku wao aliwahi kutembea. Nilienda kwa sababu nimetumwa. Mpishi hakukasirika, alisema kwa ukweli kabisa kwamba hadhani. Tukala wali na maharage.

Kahama hadi Benaco

Siku ya pili ilikuwa ya vumbi. Kipande kirefu kilikuwa kinatengenezwa, tukawa tunasimamishwa na kijana mwenye bendera nyekundu, tunasubiri upande wa pili upite, tunaruhusiwa, halafu tunasimamishwa na mwenzake. Kuku walichoka kabla yetu.

Nyakanazi tuliingia kwa mamantilie, na hapo tukakaa meza moja na dereva wa lori, Msukuma mmoja mnene mwenye sauti ya upole, anaitwa Shija. Alikuwa anapeleka mzigo Kigali na amefanya hivyo miaka mingi. Aliposikia mimi ni mara yangu ya kwanza aliacha kula.

"Kule tochi haishikwi na mtu," akasema. "Imesimikwa. Inakaa mchana kutwa, haiendi kunywa chai. Na wenyewe wanaiita Sofia."

Akachukua simu yangu, akaniwekea programu ya ramani inayokuonyesha njia na kupiga kengele ndogo ukikaribia kamera. Kengele ikilia, tazama mwendo wako. Basi.

Nikamuuliza kama jambo hilo linaruhusiwa na sheria ya kule. Shija alimtazama mama, kisha akanitazama mimi, akasema katika miaka yake yote hajawahi kuulizwa swali hilo na dereva. Alisema zipo nchi zinazokataa kabisa, amesikia, na nyingine hazina neno, na sheria zenyewe hubadilika. Akanishauri nikaulize mpakani. Ila jambo moja alilijua kwa hakika: simu mkononi mwa dereva ni kosa kila mahali, pamoja na kwetu. Sikuwa na kishikizo cha simu. Mama akanyoosha mkono akaichukua.

Tulikuwa tumeshakaribia Benaco alipouliza kwa sauti ya chini huyo Sofia ni nani na mimi nimemjulia wapi.

Mpakani Rusumo

Tulilala Benaco, asubuhi na mapema tukawa Rusumo. Mnajua kwamba wenzetu saa zao ziko nyuma yetu kwa saa moja. Nilipomwambia mama kwamba tukivuka tutarudishiwa saa nzima, alishukuru kama vile kuna mtu kaipanga kwa ajili yake.

Ofisa wa upande wa pili alikuwa binti mpole, Kiswahili chake kizuri. Alitazama mizigo juu juu, akatupa ruhusa ya kupita. Tenga lilikuwa chini ya blanketi, na kuku kwa mara ya kwanza tangu Mgori walikuwa kimya kabisa, hata mmoja hakukohoa. Nikasema, "Samahani, dada, kuna kuku."

Mama alinitazama mtazamo ambao siwezi kuuandika.

Kuku hai hawaruhusiwi kupita hivihivi, wanahitaji vibali vya daktari wa mifugo. Binti alisema kwa huruma, lakini alisema. Ikabidi tenga lirudi upande wetu, mama nyuma yake, mimi nyuma ya mama, tukamtafuta mtu wa kumwachia. Tukampata muuza chai anayetoka Iramba, akakubali kuwalisha mpaka tutakaporudi. Walipoagana, mama alimweleza tabia ya kila kuku. Nusu ya ile saa ya bure ikaishia hapo. Tuliporudi kutoka Kigali tuliwakuta wote, na jogoo amepewa jina.

Kabla ya kuondoka nikamuuliza yule binti swali langu la simu. Alifikiri kidogo.

"Inakwambia nini ikilia?"

"Nipunguze mwendo."

"Na wewe unapunguza?"

"Napunguza."

"Sasa nani akukamate kwa kupunguza?" Akaongeza kwamba yeye si askari wa barabarani, ila kwa anavyojua wao hawana ugomvi na simu hiyo mradi dereva haishiki. Akaniambia pia nisome vibao, kwa sababu simu inaweza kuzima lakini kibao hakizimi. Nilimshukuru. Nilijisikia mtu halali kabisa.

Barabara ya kulia

Ukivuka daraja unahamia kulia. Kuambiwa ni rahisi. Lakini Noah usukani wake uko kulia, kwa hiyo mimi nikawa naendesha pembeni mwa majani, na mama, aliyekaa kushoto, akajikuta katikati ya barabara anatazamana na malori. Lori la kwanza lilipotupita alisema innalillahi. La pili pia. Baadaye akafumba macho, akawa anauliza tu, "Limepita?"

Na simu ilikuwa kwake.

Nilikuwa nimenunua laini ya kule ili ramani ifanye kazi. Intaneti ilipoingia, simu ikaanza kulia. Mama akasema, "Kamera." Nikapunguza. Ikalia tena. "Kamera." Nikapunguza zaidi. Ikalia mfululizo. Mama akasema hapa zimepandwa kama mahindi. Nikawa natembea mwendo wa mkokoteni, nyuma yangu mstari wa magari umefika kule tulikotoka, na watu wale wastaarabu, honi zao zilikuwa za upole lakini zilikuwa nyingi. Mpaka nikasimama pembeni, nikaitazama simu. Lilikuwa kundi la ukoo. Watu walikuwa wanatuma dua za arobaini ya Zaituni, kutoka Mgori, Nduguti, Manyoni, mpaka Dar. Kila dua ilitupunguzia mwendo.

Nilizima milio ya kundi, nikaacha ya kamera tu. Baada ya hapo tulikwenda vizuri. Kengele inalia, mama anasema, natazama mwendo wangu, niko sawa, tunapita. Nilianza kuona nitawahi.

Sasa sikilizeni, wenzangu. Tulipopita Kayonza kengele ililia, nikaiona kamera yenyewe kwenye mlingoti wake, nikaipita nikiwa na mwendo halali. Mbele yangu yakawa yanakuja magari, yanashuka kilima kwa kasi. Na mkono wangu, bila hata kuniuliza, ukawasha taa. La kwanza halikujibu. Mama alishatoa dole gumba, likabaki hewani. Nikamwashia wa pili. Kimya. Nikasema labda hawajaelewa, nikamwashia wa tatu mara mbili, tena nikamwonyesha kwa kidole kule nyuma.

Wa tatu ilikuwa pikapu ya polisi.

Iligeuza, ikaja ikanisimamisha. Akashuka askari mmoja, mrefu, nguo zimenyooka, akanisalimia vizuri na kuniuliza kwa Kiswahili nina shida gani mpaka namwashia taa.

"Sina shida, afande. Nilikuwa nakuonya."

"Unanionya mimi?"

"Ndiyo. Nyuma huko kuna kamera."

Alitazama barabara, akanitazama. "Ile kamera ni yetu."

"Sasa nimejua, afande."

Mama akainama kupita mbele yangu, akamwambia, "Baba, huyu hakuwa na ubaya. Kwetu ndiyo heshima ya barabarani. Na wewe ulitakiwa umfanyie hivi." Akamwonyesha dole gumba.

Askari hakulirudisha. Akanigeukia akauliza sasa kwa utaratibu, taa zile zilikuwa za nini. Mama akaninong'oneza kwa Kinyaturu nimwambie nilikuwa namsalimia. Mimi nikamjibu kwa Kiswahili, kwa sababu nilikuwa nimechanganyikiwa, "Mama, sikuwa namsalimia." Askari akasikia. Akageuza uso pembeni kidogo, nadhani alikuwa anacheka, na mama akaanza kutazama migomba.

Akauliza nimejuaje kuna kamera. Nikamwonyesha simu, ikiwa mkononi mwa mama. Akaiangalia, akairudisha. Alisema hiyo inanikumbusha mimi mwendo wangu, yeye haimkeri. Kinachomkera ni taa. Yule wa kwanza niliyemwashia alikuwa anakimbia. Atapunguza kwenye kamera, akishaipita atafidia, na mbele yake kuna shule ya msingi.

Akauliza tunakwenda wapi. Nikamwambia tunakwenda Nyamirambo, arobaini ya mdogo wangu.

"Pole sana. Aliugua?"

"Aligongwa na gari."

Askari alitazama ile barabara ya kilimani ambako magari yalikuwa yanashuka, na mimi nikaitazama. Nimeendesha magari nusu ya maisha yangu, na tangu simu ya msiba nilikuwa nimemlaani yule dereva kila siku, kila baada ya sala. Sikuwahi hata mara moja kujiuliza kama asubuhi ile kuna mwenzake aliyepishana naye na kumwashia taa kumjulisha kamera ilipo, ili akishaipita akimbie tu.

Mama naye alikuwa ameshusha mkono wake.

Askari akasema gari ni la nje, lazima amuulize mkubwa wake afanye nini na mimi. Akapiga, hakupokelewa. Akapiga tena. Tukasubiri. Nusu iliyobaki ya ile saa tuliyopewa bure tuliimalizia hapo, na saa nyingine juu yake. Sala ya adhuhuri ilitukuta palepale. Mama akatandika blanketi lake kando ya barabara, na yule askari akaenda akaisogeza pikapu ili kivuli kimwangukie.

Mwishowe mkubwa akapokea. Nikapewa onyo la mdomo, tukaruhusiwa. Mama alimwachia askari baraka na vitunguu; baraka alizipokea, vitunguu akavirudisha.

Nyamirambo

Kigali ni vilima na kengele. Niliingia mjini taratibu kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na si kwa sababu ya kamera tu.

Tulipofika kwa Suleimani hitima ilikuwa imeshasomwa. Wageni wengi walishaondoka, wanawake walikuwa wanasugua masufuria, matanga yameondolewa. Watu wa pale wanaongea Kiswahili, walimpokea mama kwa shikamoo kama yuko nyumbani, wakatutolea pilau waliyokuwa wametuwekea. Mama hakugusa. Aliuliza kaburi liko wapi. Shemeji akasema geti la makaburini hufungwa jioni, tukienda sasa hivi tutawahi. Nilikaa nyuma pamoja na madumu, akaendesha yeye.

Geti lilikuwa wazi. Suleimani alituonyesha, kisha akarudi nyuma hatua chache atuachie nafasi. Mama akakaa chini kwenye udongo, akavuta nguo yake vizuri, akaanza kuzungumza na Zaituni kwa Kinyaturu, kwa sauti ya kawaida, kama wanachambua mboga. Alimpa salamu za kila mtu. Akamweleza habari za vitunguu, za mzee wa baiskeli, za kuku waliobaki mpakani na nani kabaki nao. Akamwambia asali imefika. Halafu akasema amsamehe, wamechelewa, gari lilipata pancha.

Nilisimama pale. Nilijaribu, wenzangu, Mungu ananiona nilijaribu.

"Mama," nikasema, "haikuwa pancha."

Nikapiga magoti, nikamwambia Zaituni mwenyewe. Kwamba kaka yake alisimamishwa kwa kuwaonya watu waliokuwa wanakimbia wasikamatwe. Kwamba nilimwonya mpaka polisi. Nilimwambia sitafanya tena.

Mama aligeuza shingo akanitazama muda mrefu.

"Hata hapa, Rama?" akasema. "Hata hapa?"

Mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka. Alicheka bila sauti, mkono mdomoni, akionyesha lile kaburi na kunionyesha mimi kama anayemwambia Zaituni, si unamwona. Suleimani kule aliko aliona mabega tu, akadhani mkwewe analia, akaja mbio kumshika. Na alipofika akamshika, kweli alikuwa analia, na ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ya simu ile. Tulimwacha alie mpaka mlinzi akaja na funguo, akatuona, akarudi akakaa getini kutusubiri.